Barua ya Wazi kwa Marais wa Afrika Mashariki: Ndege Zenu Zipige Hodi

Waheshimiwa Marais,
Wakuu wa Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Kupitia kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya,
Arusha.

YAH: NDEGE ZA KIVITA NA DRONI KUINGIA ANGA LA JIRANI, NA HASARA INAYOTUFIKIA TULIO KANDO YA RELI YA KATI



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na asali, mkazi wa Isevya hapa Tabora. Mchele naununua Igunga na Nzega, asali Sikonge. Vyote vinapanda treni kwenda Kigoma, na Kigoma vinapanda maboti kwenda Uvira, Kalemie na Bujumbura. Sina cheo, sijawahi kuvaa magwanda, na ndege ya kivita nimeiona kwenye runinga tu, siku ya sherehe za Uhuru. Naandika kwa sababu kila nchi mbili zinapoanza kulaumiana juu ya ndege iliyovuka mpaka kule Kivu, haipiti muda simu yangu inalia kutoka Kigoma: "Mzee, mzigo usilete kwanza."

Nimewaandikia nyote kwa pamoja makusudi. Ningemwandikia mmoja, wengine mngesema nimetumwa. Wala sitajifanya refa asiye na timu. Nina upande, nao ni wa wanaopakia, wanaopakua, wanaovua na wanaosafiri kati ya Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tarehe tunazo, ukweli wake hatuna.

Tarehe 7 Novemba 2022 ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 iligusa ardhi kwa muda mfupi kwenye uwanja wa Rubavu, Rwanda, ikaruka tena ikarudi kwao. Kigali ikalalamika. Kinshasa ikasema ndege haikuwa na silaha na iliingia huko kwa bahati mbaya. Mwishoni mwa Desemba Rwanda ikalalamika tena, safari hii juu ya Ziwa Kivu. Tarehe 24 Januari 2023 Sukhoi ya Kongo ikapigwa ikiwa angani. Watu wa Goma na Gisenyi waliipiga picha kwa simu zao, na video zikatufikia hata sisi huku: kitu kinachowaka kinaifukuza ndege kutoka chini, mlipuko, kisha ndege inatua Goma moto ukiwa bado unawaka. Rwanda ikasema ndege ilikuwa ndani ya anga lake, hivyo ilijihami. Kongo ikasema ilikuwa ndani ya anga la Kongo, na kuipiga ni kitendo cha vita.

Ndege haikai kwenye nchi mbili kwa dakika moja. Kati ya wenzenu wawili, mmoja alitueleza jambo lisilokuwapo, na mimi sijaona karatasi yoyote ya Jumuiya inayosema ni yupi. Kila nchi ilitoa taarifa yake kwa umma, magazeti yakaziweka zote mbili ukurasa mmoja, na sisi wasomaji tukaambiwa tuchague kama tunavyochagua Simba na Yanga.

Hayakuishia hapo. Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni, ndege za kiraia zikaharibiwa. Kongo ikailaumu Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba mawimbi ya satelaiti yanayoongoza ndege kule Kivu yanavurugwa makusudi. Januari 2025 Goma ikatekwa na waasi wa M23, uwanja wake ukafungwa. Februari ikafuata Bukavu pamoja na uwanja wa Kavumu, na mwezi huo huo Kongo ikazifungia anga lake ndege zote zilizosajiliwa Rwanda. Burundi ilikuwa imekwisha kufunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari 2024. Nchi hizi tatu zote ni wanachama. Zote zimeukubali Mkataba wa Jumuiya, ambao kifungu chake cha 6 kinataja ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani.

Nisieleweke vibaya. Najua jeshi la nchi moja linaweza kuruka juu ya nchi nyingine kwa ruhusa. Uganda inapiga waasi wa ADF ndani ya Kongo tangu mwishoni mwa 2021, kwa makubaliano na Kinshasa. Hilo ni la wenyewe na limeandikwa. Ninalolalamikia mimi ni kuingia bila ruhusa, au kudai mwenzako ameingia, pasipo mtu wa tatu mwenye mamlaka ya kusema kweli.

2. Njia yetu ilikuwa na utaratibu kuliko anga lenu.

Tabora imekaa kwenye njia panda. Kabla ya reli, misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, tulipoitwa Unyanyembe, ikapumzika, ikagawanyika: mmoja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, mwingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Ile njia ilikuwa na damu na minyororo, na hakuna Mnyamwezi mwenye akili atakayeipamba. Pembe zilibebwa na mababu zetu kwa ujira, na watu walibebeshwa na kuuzwa bila hiari yao. Lakini hata njia ile ilikuwa na kanuni ya kuingia kwenye nchi ya mtu.

Kiongozi wa msafara, kirangozi, alitangulia na bendera, ngoma ikilia. Mkifika kwenye eneo la mtemi mnapiga kambi, mnatuma watu, mnasema ninyi ni nani, mnatoka wapi, mmebeba nini, bunduki ni ngapi. Mnalipa hongo ya nguo, shanga na waya, baada ya siku nzima ya ubishi, ndipo mnapita. Waliolalamikia sana hongo ya Ugogo na ya Uvinza ni wageni. Watu wa njia walijua maana yake: anayepita kimyakimya usiku amekuja kwa shari, na atapokelewa hivyo. Ndege inayowasilisha mpango wa safari kwa waongoza ndege, ikajitambulisha kwa redio na kuomba kibali cha kupita, inafanya kile kile alichofanya kirangozi. Mkataba wa Chicago wa 1944 umeyaweka haya kisheria. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na nyote mmeukubali.

Njia ile ilipovunjika nayo, ilivunjika kwa hoja ambayo nikiisikia leo redioni nadhani nasoma historia ya Urambo. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Ujiji. Dai lake lilikuwa kwamba Waarabu wa Tabora wanamsaidia adui yake, Mkasiwa wa Unyanyembe. Waarabu nao wakasema Mirambo ni jambazi anayepora misafara. Wakamwendea kwa vita, Stanley akiwa pamoja nao na bunduki zake. Mirambo akawazunguka, akaja kuichoma Tabora yenyewe. Stanley ikabidi azunguke mbali kusini ndipo afike Ujiji kwa Livingstone. Mapigano yakaendelea kwa miaka, na biashara ya bara ikayumba hadi pwani. Leo Rwanda inasema Kongo inawafuga waasi wa FDLR. Kongo inasema Rwanda inawaendesha M23. Mkasiwa na Mirambo wangekaa mezani kwenu bila kuhitaji mkalimani.

3. Magharibi tumekwisha pigwa kutoka angani, tena na jirani.

Wengi hudhani vita vya angani vilifika nchi hii kwa Idi Amin, Bukoba na Mwanza. Huku kwetu vilitangulia zamani. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege zinazotua majini upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wakazirusha na kuidondoshea mabomu Kigoma, wakiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai mwaka huo. Ndiyo hii hii tunayoiita Liemba. Septemba 19 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na kamanda wake, Tombeur, baadaye akapewa kwao ubaroni wenye jina la mji wetu. Ubaroni! Wapagazi waliokufa njiani hawakupewa hata orodha.

La pili ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu. Mwaka 1972 Burundi iliingia kwenye mauaji makubwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Kigoma. Mwaka 1973 ndege na askari wa Burundi wakavuka mpaka kuwafuata, wakashambulia vijiji vya mkoa wa Kigoma. Makumi ya watu waliuawa, wakimbizi na Watanzania. Wafanyakazi wa bandari zetu wakagoma kugusa mizigo ya Burundi. Ikabidi Mobutu, ndiyo, Mobutu, awakutanishe Mwalimu Nyerere na Rais Micombero.

Matokeo yake mnaweza kuja kuyaona kwa macho. Mkimbizi akikaa karibu na mpaka anafuatwa na anavuta mabomu kwa mwenyeji wake, ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 unataka wakimbizi wakae mbali na mpaka wa nchi waliyotoka. Waburundi wale waliwekwa Katumba, Mishamo, na Ulyankulu hapa mkoani kwetu, katikati ya miombo. Barabara za makazi yao zilipewa namba tu. Mpenzi yeyote wa nyimbo za injili Tanzania anaifahamu kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, na nadhani wengi hawajawahi kujiuliza kwa nini kwaya iwe na jina la barabara, na kwa nini barabara iwe na namba badala ya jina la mtu. Watu wale walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Ni wateja wangu, ni wakwe wa jirani zangu. Walisubiri karatasi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kwa hiyo mkiniuliza ndege ya Kivu inanihusu nini mtu wa Tabora, jibu langu lina mitaa, misikiti, makanisa na kwaya.

4. Woga bila taarifa unaua hata walio upande wako.

Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera, ndege tatu za jeshi letu zilidunguliwa Musoma na mizinga yetu wenyewe. Askari waliokuwa ardhini waliona ndege zinakuja, hawakujua ni za nani, na kila mmoja alikuwa akingoja za Uganda. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza kumsaidia Amin. Ikakosa shabaha, ikaua swala. Tulicheka sana habari ya swala. Ya Musoma hatukucheka, na hata leo wazee waliopigana vita ile hawapendi kuisimulia.

Sasa fikirieni Ziwa Tanganyika. Upande mmoja Kigoma, upande mwingine Uvira na Kalemie, kaskazini Bujumbura. Juu yake zipite droni ambazo mlinzi wa chini hawezi kuzitofautisha kwa macho, nyingine zimenunuliwa na serikali, nyingine hakuna anayekubali kuwa ni zake, huku mitambo ya kujua mahali ilipo ndege imevurugwa. Chini yake yapite maboti yenye abiria, dagaa, sementi na mchele wangu. Kosa moja tu la mtu mwenye woga linatosha, na halitabagua bendera.

5. Hasara ya sasa.

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais wa Rwanda na Rais wa Kongo walitia saini makubaliano yao Washington. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Baadaye wapiganaji wakatangaza kuondoka, lakini soko halisikilizi matangazo. Mzigo wangu ulikuwa umefika Kigoma. Wenye maboti wakasema hawavuki. Mchele ukakaa kwenye ghala la kukodi, magunia yamepangwa hadi dari, joto la Kigoma mnalijua, wadudu wakaanza kutembea kwenye nyuzi za magunia. Nikauza pale pale kwa bei ya kuondoa mzigo. Mimi nina uwezo wa kubeba hasara ya msimu mmoja. Mama anayenunua kwangu Uvira kwa mali kauli, anauza kwa kopo na kulipa baadaye, hajapokea simu tangu mwezi ule. Deni lake siliulizi. Nauliza kama yu hai.

Na kubwa zaidi liko njiani. Serikali yetu inajenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 500, na tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Ni mabilioni ya mikopo tutakayolipa sisi na wajukuu. Hesabu ya reli ile imesimama juu ya mzigo wa Kongo na Burundi. Ukisimama stesheni ya Tabora usiku, treni inapokatwa, mabehewa haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda, unaona wazi kwamba mji huu hauishi kwa kuwa mwisho wa safari. Unaishi kwa kuwa watu wanakwenda mbele. Wakiacha kwenda mbele, tutabaki na reli nzuri ya kupeleka mahujaji wa historia Ujiji.

Tumelipa kwa watu pia. Askari wetu zaidi ya kumi waliuawa Semuliki Desemba 2017 wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Januari 2025 jeshi letu lilipoteza wengine wawili mashariki ya Kongo, wakiwa kwenye kikosi cha jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC. Kikosi chenyewe kikaondoka mwaka huo huo kwa malori, kikapita katikati ya Rwanda hadi Chato. Sitaki kusema zaidi juu ya safari ile, maana wenye watoto wao mle wanasoma.

6. Kila mahali pana meza, isipokuwa kwenu.

Kikosi cha Jumuiya kilikwenda Kongo Novemba 2022, kikatimuliwa kabla ya 2023 kwisha kwa sababu mwenyeji alitaka kipigane, ilhali kilitumwa kukaa katikati. SADC wakaenda, wakarudi. Tarehe 8 Februari 2025 mlikutana na wenzenu wa SADC Dar es Salaam, mkaagiza mapigano yasimame. Bukavu ikaanguka siku chache baadaye. Kisha mazungumzo yakahamia Doha na Washington. Siwalaumu Qatar wala Marekani. Mgeni akikuta nyumba inaungua atabeba ndoo. Naona aibu tu kwamba waliohakikisha nani karusha nini juu ya Goma tumewasikia kutoka New York, na Arusha yenye bendera nane nje ya jengo tumesikia "tunalaani" na "tunasikitishwa".

Kipo chombo cha nchi za Maziwa Makuu cha kuhakiki matukio ya mpakani, kilichowekwa Goma mwaka 2012. Ni maofisa wa kwenda kukagua ardhini, na mji waliowekwa umekwisha kutekwa. Jumuiya inayo pia taasisi yake ya usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, yenye makao Entebbe. Inashughulika na ndege za abiria na leseni, na kazi hiyo inaifanya. Wataalamu basi wapo, sheria zipo, rada zipo. Kilichokosekana ni ruhusa yenu.

Baada ya hayo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo. Nimeyaandika kama mtu anayeagiza mzigo, ili kila kitu kiwe na kipimo.

(a) Lifunguliwe daftari moja la matukio ya anga la Jumuiya. Nchi inayodai anga lake limeingiliwa, au ndege yake imepigwa, iandikishe ndani ya saa 24: mahali, saa, aina ya chombo, kumbukumbu za rada na mawasiliano ya redio. Nchi inayolaumiwa ijibu kwa vielelezo vya namna hiyo hiyo. Wataalamu kutoka nchi wanachama zisizohusika watoe uamuzi ndani ya siku 14. Uchapishwe, jina la aliyekosea likiwa ndani. Na uchapishwe kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ni lugha rasmi ya Jumuiya, ingawa matamko yenu yanatufikia kwa Kiingereza kana kwamba waliopigwa mabomu ni mabalozi.

(b) Makamanda wa anga wa nchi zote nane wapeane simu ya moja kwa moja, inayopokelewa usiku na mchana, na isikatwe hata mabalozi wakifukuzwa. Hasa isikatwe wakati huo.

(c) Rada zichangie. Watanzania tunajua bei ya rada kuliko wengi wenu. Ile tuliyouziwa na Waingereza ilitutia kwenye kashfa hadi shilingi zikarudishwa, shule zikanunuliwa vitabu na madawati kwa "chenji ya rada". Baadaye tumefunga nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Zinachokiona magharibi kiende kwenye lile daftari. Rais wangu, hili lianze na wewe. Usingoje wenzako saba waanze kwa pamoja, maana hawataanza.

(d) Ziwa Tanganyika, pamoja na bandari za Kigoma, Uvira, Kalemie, Baraka na Bujumbura, litangazwe eneo ambalo droni zenye silaha haziruki juu yake, za serikali wala za waasi. Anayevunja aandikwe. Maboti ya abiria na ya mizigo yapewe njia inayojulikana kwa pande zote, na saa zake zitangazwe redioni kila asubuhi kwa wavuvi.

(e) Viwanja vya Goma na Kavumu vifunguliwe kwa ndege za dawa na chakula chini ya usimamizi wa Jumuiya, na anga lililofungwa kati ya mwanachama na mwanachama lifunguliwe kwa ndege za abiria. Mgonjwa wa Bukavu hajui FDLR wala M23 wanadaiana nini.

(f) Nchi ikikutwa na kosa kwa mujibu wa (a) na ikakataa kulikubali, isiwe mwenyeji wa mkutano wenu wala kushika uenyekiti hadi itakapolipa fidia. Najua hili ndilo mtakalolikata kwanza. Mlikate hadharani basi, kwa kura, tujue nani kalikata.

Mkutano wenu unaofuata utakuwa na ajenda ndefu kama kawaida: ushuru, sarafu moja, michango ambayo baadhi yenu hamjalipa. Naomba jambo hili liwe la kwanza, kabla ya chakula cha mchana, mkiwa bado na nguvu za kubishana. Nitasafirisha mchele mwingine baada ya mavuno, na wenye maboti Kigoma wameniuliza watarajie nini. Nimewaambia nimewaandikia ninyi na ninangoja majibu.

Naomba kuwasilisha.

Mfanyabiashara wa mchele na asali,
Isevya, Tabora.

Nakala:
Spika wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha.
Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Dodoma.
Wenye maboti, Bandari ya Kigoma.